Ubani Uliogeuka Dawa ya Choa

Kuna swali linalonifikia karibu kila ninapozungumzia tiba katika kipindi hiki: kwa nini wataalamu hawazipimi dawa za miti? Aulizaye huwa ameshajijibu mwenyewe. Kwake yeye dawa ya hospitali ni kitu cha kiwandani, na dawa ya mti ni urithi wa mababu, na viwili hivi havikutani ila pale vinapogombana. Juma hili nitamjibu kwa kutumia maradhi ambayo sote tunayafahamu kwa macho, kama si kwa kujikuna. Nazungumzia fangasi za ngozi.

Majina hatukuyakosa. Zikiwa kichwani mwa mtoto twasema mapunye. Zikichora duara mwilini, ukingo umeinuka na katikati pamepauka, ni choa. Zikimwaga madoa kifuani na shingoni mwa mtu atokaye jasho jingi, ni mba. Zikijificha katikati ya vidole vya miguu vya askari, vya mcheza mpira na vya kila avaaye viatu vya mpira kutwa nzima, basi ni fangasi tu, hatuongezi neno. Haziui, na kwa kuwa haziui hakuna kiongozi anayezitolea hotuba. Lakini mtoto mwenye mapunye hutengwa na wenzake kwenye dawati, na msichana mwenye choa shavuni hujitanda khanga mpaka machoni hata wakati wa joto la Machi.

Ili dawa ipimwe, kwanza adui lazima ajulikane. Kwa karne nyingi watu walidhani maradhi haya yanatokana na damu chafu, au chakula kibaya, au mkosi. Mwaka 1837 kijana mmoja mjini Berlin, Robert Remak, mzaliwa wa Poland, alitazama kwa hadubini magamba yaliyotoka kichwani mwa mgonjwa akaona nyuzi nyembamba kama za ukungu. Aliyelitangaza jambo hilo, mwaka 1839, alikuwa profesa Schönlein. Remak hakuishia hapo. Mwaka 1842 alichukua magamba ya mgonjwa akayabandika kwenye mkono wake mwenyewe, na ugonjwa ukaota. Huko Paris, daktari Mhungaria aitwaye David Gruby alikuwa amefikia jambo hilohilo mwaka 1841, bila kupata habari za wenzake wa Berlin. Baadaye akaja Mfaransa Raymond Sabouraud, wa hospitali ya Saint-Louis, aliyetengeneza chakula cha sukari cha kuoteshea fangasi maabara. Mpaka leo chakula hicho kina jina lake, na mtaalamu wa maabara popote pale akitaka kujua kama magamba ya ngozi yako yana fangasi, huyaweka humo akasubiri siku kadhaa, hata majuma.

Nimelieleza hilo kwa sababu kabla ya hapo dawa ya choa ilipimwa kwa jambo moja tu: je, mgonjwa ameacha kujikuna? Sasa likaongezeka la pili: je, fangasi bado inaota? Utaona mbele kwamba maswali haya mawili hayajibiwi sawasawa kila mara.

Katikati ya karne ya 19, wauza dawa wa Bombay walikuwa na unga wa rangi ya udongo wa manjano ulioitwa unga wa Goa. Sifa yake kwa choa ilikuwa kubwa. Ulitokana na mti gani, hakuna aliyejua, na waliokuwa wakiuuza hawakuwa na haraka ya kusema. Mwaka 1874 Joseph Fayrer, daktari Mwingereza aliyefanya kazi India miaka mingi, aliandika habari zake katika jarida la kitabibu la London. Maandishi yale yalivuka bahari yakamfikia Dakta Silva Lima, aliyekuwa Bahia, nchini Brazil. Naye akajibu: unga huo mimi naujua, hapa kwetu unaitwa araroba, na unakwanguliwa kutoka katika nyufa za ndani ya shina la mti wa msituni. Kumbe Wareno, waliokuwa wamezishika Brazil, Msumbiji na Goa kwa wakati mmoja, walikuwa wameuchukua upande mmoja wa dunia wakaushusha upande wa pili, na jina la nyumbani likapotea njiani. Bombay yote ikaamini ni dawa ya India.

Ulipopimwa ikawaje? Uliisaidia choa, ndiyo, lakini kwa gharama. Uliunguza ngozi, ulitia nguo madoa yasiyotoka, na ukigusa jicho ni balaa. Wakwanguaji wenyewe kule Bahia walivimba nyuso. Mwaka 1876 daktari wa London, Balmanno Squire, akaeleza kisa cha mgonjwa aliyejipaka unga wa Goa akidhani ana choa. Hakuwa na choa. Alikuwa na soriasisi, ugonjwa wa magamba ambao hausababishwi na fangasi hata kidogo, na unga ule ukamtuliza. Kuanzia hapo dawa ikahama. Vita Kuu ya Kwanza ilipoifungia Ujerumani njia ya bidhaa za Brazil, wanakemia wa Kijerumani walitengeneza kiwandani kitu kinachofanana nayo, na mwaka 1916 madaktari Galewsky na Unna wakaitangaza. Ndiyo dithranoli, inayotibu soriasisi hadi leo. Mti ulioingia mahakamani kwa kesi ya choa ulitoka na hukumu ya kesi nyingine kabisa.

Sasa tuje kwa mti wa pili, ambao kwangu mimi una hadithi tamu zaidi, maana umo ndani ya nyumba zetu.

Wazee wa zahanati wanaikumbuka marhamu ya Whitfield, ile ya mafuta mazito iliyochotwa kwa kijiti kutoka kopo kubwa na kuwekwa katika kikopo alichokuja nacho mgonjwa. Arthur Whitfield alikuwa daktari wa ngozi London mwanzoni mwa karne ya 20. Marhamu yake ina vitu viwili tu vyenye kazi: asidi ya benzoiki, sehemu 6 katika 100, na asidi ya salisiliki, sehemu 3 katika 100. Mengine ni mafuta ya kuibebea. Majina hayo yanasikika ya kimaabara kabisa. Hebu tuyafunue moja moja.

Kisiwani Sumatra kuna mti unaochanjwa gome ukatoa utomvu wenye harufu nzuri, utomvu ukaganda kama gundi. Waarabu walikiita kisiwa hicho Jawa, wakauita utomvu huo luban jawi, yaani ubani wa Jawa. Si ule ubani wa Somalia na wa Dhofari huko Oman, ambao ni wa mti mwingine, ingawa chetezoni yote miwili hukaa vizuri. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Sumatra katika miaka ya 1340 na akaandika habari za mti huo wa ubani.

Fuata neno lilivyosafiri. Sisi wa pwani tulichukua luban tukaidondosha herufi ya kwanza, ikawa ubani. Watu wa Ulaya ya kusini walichukua luban jawi nzima wakadhani silabi ya mwanzo ni kile kineno ambacho wao hukitanguliza mbele ya majina, wakaikata. Ikabaki banjawi, ikawa benjui, ikawa benzoi. Katika karne ya 16 watu wa Ulaya waliupasha moto ubani huo ukatoa fuwele nyeupe kama sindano, na fuwele hizo ndizo asidi ya benzoiki. Mwaka 1833 Mjerumani Mitscherlich aliichanganya asidi hiyo na chokaa, akaipasha moto, akapata kimiminika alichokiita benzini. Kwa hiyo jamaa zetu wa Muscat na Dubai wanaposema banzini wakimaanisha petroli, wanalitaja jina la ubani bila kujua. Na kabla hujaniuliza, hapana, gari la Benz halimo katika ukoo huu. Hilo ni jina la mtu.

Mwaka 1875 mwanakemia Salkowski aligundua kwamba asidi ya benzoiki inazuia ukungu. Ndiyo sababu ndugu yake, ambaye ni chumvi itokanayo na asidi hiyo, humo katika chupa nyingi za soda na juisi. Tazama kwenye karatasi ya chupa utaona alama E211. Kinachozuia juisi isiote ukungu dukani ndicho kinachozuia choa isitambae begani. Asidi hiyo hupenya ndani ya chembe ya fangasi na kuivuruga, hasa pale palipo na uchachu.

Ile ya pili, asidi ya salisiliki, jina lake limetoka kwa mti wa Ulaya uotao kandokando ya mito, ambao kwa Kilatini huitwa salix. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza, Edward Stone, aliandikia jumuiya ya wanasayansi ya London kwamba gome lake linatuliza homa. Mwaka 1828 Buchner wa Munich akatoa ndani yake kitu kichungu cha manjano, na mwaka 1838 Mwitaliano Piria akaipata asidi yenyewe. Aspirini unayoimeza kichwa kikikuuma ni mtoto wa asidi hiyo. Kwenye ngozi kazi yake ni nyingine: hulainisha gamba la juu lililokufa na kulibambua. Hapo ndipo akili ya Whitfield ilipo. Fangasi za ngozi hazikai nyamani, zinakula gamba hilo la juu. Basi asidi moja inaibomoa nyumba, na nyingine inampiga mwenye nyumba.

Siku hizi asidi zote mbili hutengenezwa kiwandani bila ya mti. Nasema hivyo ili asitokee mtu akaanza kumfukiza mwanawe ubani kwa ajili ya mapunye. Moshi wa chetezo si dawa ya choa.

Je, marhamu hiyo ilipimwa? Kwa muda mrefu ilitumika kwa sababu ilikuwapo na ilikuwa rahisi. Kisha miaka ya 1970 zikaingia krimu mpya za mirija, nyeupe, zisizo na mafuta mazito, na maarufu kati yake ni clotrimazole. Ikadhaniwa mzee sasa astaafu. Mwaka 1973 huko Uingereza, Clayton na Connor waliziweka dawa hizo pamoja kwa wagonjwa wa choa na wa mba, na marhamu ya Whitfield haikuachwa nyuma na clotrimazole. Mwaka 1994 ukachapishwa upimaji uliofanywa Malawi, katika joto na jasho kama letu, bila mgonjwa wala mganga kujua nani kapewa ipi. Matokeo yalikuwa yaleyale: hapakuonekana tofauti ya maana kati ya krimu ya mrija na marhamu ya kopo. Tofauti ilikuwa katika bei.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, mwaka 1977, marhamu hiyo ilikuwamo. Katika orodha za miaka ya karibuni haimo tena. Imo terbinafine, ambayo ni dawa yenye nguvu na huponya kwa siku chache zaidi. Sigombani na wataalamu. Marhamu ya kopo ina kasoro zake: inawasha penye mchubuko, haifai usoni na kinenani kwa nguvu yake kamili, na mgonjwa akichoka kuipaka katika juma la pili choa hurudi. Lakini naona pia kwamba kitu kisicho na mwenye hati, kinachoweza kukorogwa na mfamasia yeyote mwenye mizani na mafuta, hakina mtu wa kukitangaza. Hiyo ni rai yangu, usiitwike mabegani mwa daktari wako.

Nilikuahidi yale maswali mawili. Twende Australia. Kuna mti huko ambao Wabundjalung, wenyeji wa nchi kabla ya Wazungu, waliyatumia majani yake kwa majeraha, na ambao walowezi waliuita mti wa chai, ingawa hauna udugu na mchai wa Mufindi wala wa Kericho. Katika miaka ya 1920 mwanakemia Arthur Penfold wa Sydney aliyapima mafuta yake akayakuta yanaua vijidudu, na tangu hapo yanauzwa kwa sifa nyingi. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 104 wenye fangasi za miguu. Waligawanywa makundi matatu: wengine walipewa krimu yenye mafuta hayo sehemu 10 katika 100, wengine dawa ya dukani ya tolnaftate, na wengine krimu tupu.

Sikiliza. Walipoulizwa habari za muwasho na kutazamwa magamba yao, waliopata nafuu ya wazi kwa mafuta ya mti walikuwa 24 kati ya 37. Kwa tolnaftate walikuwa 19 kati ya 33, na kwa krimu tupu 14 kati ya 34. Kwa hesabu hiyo mti haukushindwa na dawa ya dukani, na mtu wa sokoni angepiga kigelegele. Lakini magamba yakapelekwa kuoteshwa. Waliokutwa hawana tena fangasi kwa tolnaftate walikuwa asilimia 85. Kwa mafuta ya mti, asilimia 30. Kwa krimu tupu, asilimia 21, tofauti ndogo isiyoweza kutegemewa. Yaani watu walikuwa wameacha kujikuna huku fangasi ikiwa ingalipo miguuni, wanaikanyagia sakafu ya bafu na kuwaachia jamaa zao.

Wala hadithi haikuishia hapo, na hili huwa halisemwi na wale wanaozicheka dawa za miti. Mwaka 2002 Waaustralia walirudia kwa mafuta makali zaidi. Kwa sehemu 50 katika 100, waliopona kwa kipimo cha maabara walikuwa asilimia 64, dhidi ya 31 waliopakwa kisicho na dawa. Mti ulikuwa na nguvu. Kipimo cha kwanza ndicho kilichokuwa hafifu. Ila wagonjwa wanne waliopaka mafuta hayo walibabuka ngozi vibaya.

Kwa hiyo ndugu yangu anayeuliza kwa nini miti haipimwi, inapimwa. Inapimwa hata hapa. Chuo cha Muhimbili kina taasisi yake ya dawa za asili, na mwaka 2006 watafiti wake walichapisha matokeo ya mimea 56 inayotumiwa kutibu fangasi, mingi wakiwa wameelekezwa na waganga wetu wa jadi. Karibu nusu ya mimea hiyo ilizuia fangasi moja au zaidi katika maabara. Ni habari njema, lakini ni habari ya chupani. Chupani dawa inakutana na fangasi uso kwa uso. Ngozini kuna gamba, kuna jasho, kuna mgonjwa anayesahau kupaka, na kuna swali la kama majani yaliyochumwa masika yana nguvu sawa na ya kiangazi. Kutoka chupani hadi ngozini kunataka fedha, wagonjwa waliokubali kwa hiari, na kundi litakalopakwa mafuta matupu. Hapo ndipo miti mingi huishia njiani, si kwa sababu imeshindwa, bali kwa sababu hakuna aliyeigharamia nauli.

Wakati tunabishana mti au kiwanda, hatari iliyo kubwa kuliko zote mbili inauzwa madukani. Ni zile krimu zenye steroidi, nyingine zikinunuliwa kwa ajili ya kung'arisha uso. Ukizipaka juu ya choa, wekundu hupotea na muwasho hutulia siku mbilitatu, kwa kuwa zinaunyamazisha mwili usipigane. Fangasi hupata nafasi ikatambaa. Duara hupoteza umbo lake hata daktari asiitambue. Mwaka 1968 madaktari Waingereza Ive na Marks waliipa hali hiyo jina la Kilatini lenye maana ya choa iliyojificha. Katika India krimu za namna hiyo, zilizochanganywa vitu vitatu vinne katika mrija mmoja, zimeuzwa bila cheti kwa miaka mingi, na wataalamu wengi wanazihesabu kuwa sababu mojawapo ya choa sugu iliyoenea huko. Fangasi yake, iliyopewa jina la indotineae mwaka 2020, mara nyingi haisikii hata ile terbinafine, na imeshaonekana Ulaya na Marekani. Tazama ulinganisho huo: nayo krimu hiyo ingefaulu jaribio la kujikuna kwa alama zote.

Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na humo hufundishwa pia namna ya kukoroga marhamu kwa vitu vinavyopatikana karibu. Anayepewa marhamu ya Whitfield kwa choa ya mwilini apake mara mbili kwa siku, apite ukingo wa duara kidogo, na aendelee kwa majuma yapatayo manne hata kama duara limeshafutika.

Mapunye ni kesi nyingine. Fangasi yake huingia ndani ya unywele mpaka kwenye shina, mahali ambapo marhamu yoyote, ya mti au ya kiwanda, haifiki. Kabla ya kupatikana vidonge, madaktari waliziangusha nywele za watoto kwa miale ya eksirei, njia aliyoianzisha Sabouraud mwaka 1904. Huko Israel walichomwa miale hiyo watoto wa wahamiaji kwa maelfu, wengi wao wakitoka Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1974, uliowafuatilia watoto 10,902, uliwakuta na uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo kuliko wenzao. Miale hiyo iliachwa baada ya kuja griseofulvin, iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1958, na ambayo inatokana na ukungu wenyewe. Mtoto huimeza baada ya chakula chenye mafuta, kila siku, kwa majuma sita hadi manane, na wale anaolala nao kitanda kimoja nao hukaguliwa vichwa.